Mimea inayoelea kwenye bwawa la samaki la uani: namna ya kuistawisha bila kuwakosesha samaki hewa

Mara ya kwanza nilipopata azola, mmea mdogo unaoelea ninaoutumia kulishia samaki, niliibeba kwenye ndoo ndogo hadi nyumbani, Kihonda, Morogoro, nikaimwaga yote bwawani jioni ileile. Ilikuwa kama nusu kilo. Bwawa langu la uani si kubwa: mita 4 kwa 3, kina mita 1, limetandikwa nailoni nzito, na wakati huo lilikuwa na sato 60 wa ukubwa wa kiganja. Asubuhi ya siku ya tatu hapakuwa na hata jani moja. Haikufa kwa jua wala ugonjwa. Sato waliitafuna mpaka ikaisha.

Mwaka uliofuata nikakosea upande wa pili. Bwawa lilikuwa na vifaranga wapya, wadogo, wasioweza kuimaliza. Azola ikatanda kama zulia, majirani wakawa wanakuja kuitazama, nami nikaiacha kwa sababu ilipendeza macho. Alfajiri moja, baada ya siku mbili za mawingu, nikakuta vifaranga wengi wamekufa na waliobaki wanahema juu ya maji kwenye kiupenyo kimoja pembeni.

Kazi yote iko katikati ya makosa hayo mawili. Mimea inayoelea ikishapata mazingira yake haihitaji kubembelezwa ikue. Inahitaji kutengwa na midomo ya samaki, kulishwa kile inachokula, na kuvunwa kabla haijafunika maji. Nitaeleza kila hatua kama ninavyoifanya mwenyewe, na pale penye hesabu nitaweka hesabu.

Chagua mmea kwa kujua lishe yake

Mtaani kila kitu cha kijani kinachoelea huitwa magugu maji. Kwa mfugaji, tofauti za mimea hii ndizo zinazoamua kama utafanikiwa.

Azola ni kangaga mdogo wa majini. Ndani ya majani yake wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kumpa mwenyeji wao. Kwa hiyo azola hainyimwi usingizi na ukosefu wa naitrojeni kwenye maji. Kinachoikwamisha karibu kila mara ni fosforasi. Ikipata mahitaji yake yote hujizidisha mara mbili ndani ya siku 3 hadi 5. Joto la maji inalolipenda ni kati ya nyuzi 20 na 30. Kwa sehemu za joto kama Morogoro, Dar es Salaam au Kisumu, aina iitwayo Azolla pinnata, yenye umbo la pembetatu, huvumilia vizuri.

Lemna ni vijani vidogo kuliko punje ya dengu, kila kimoja na mzizi mmoja mwembamba kama uzi. Yenyewe haina bakteria wa kuilisha. Naitrojeni lazima iitoe kwenye maji, na inayoipenda zaidi ni amonia, uchafu uleule unaotoka kwa samaki. Kwa maneno mengine, maji machafu ya bwawa ni chakula cha lemna, wakati azola inafaa kitalu chenye fosforasi ya kutosha. Nimeona wafugaji wakifanya kinyume chake, kisha wakailaumu mbegu waliyouziwa.

Pistia inafanana na kabichi changa inayoelea, ina mizizi mirefu kama ndevu. Samaki hawaili sana, lakini vifaranga hujificha kwenye mizizi yake na kivuli chake huwasaidia mchana wa jua kali. Mimi naweka mashina 5 au 6 tu, na yakizaa watoto nayapunguza kila wiki.

Gugu maji lenyewe, lile la maua ya zambarau, usilete nyumbani hata kama bwawa lako halina mtoto wa mto karibu. Asili yake ni Amerika Kusini. Liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 Uganda na Kenya zikalazimika kuachia fukusi maalumu wanaolila, baada ya boti kukwama na wavuvi kushindwa kufika kwenye mialo yao. Salvinia nayo ikae mbali. Iliwahi kulifunika Ziwa Naivasha sehemu kubwa kabla ya kudhibitiwa, nako pia kwa fukusi. Mgeni huichanganya na azola, ila ukiikaribia utaona majani yake ni mapana zaidi na yana vinywele vilivyosimama kama vya mswaki. Azola halisi ina majani madogo yaliyopangana kama magamba. Angalia mbegu yako vizuri kabla hujaipokea, hasa ukipewa bure.

Jua, upepo na maji

Mimea hii inahitaji mwanga lakini haiwezi jua la saa 6 hadi saa 9 mchana kwenye nailoni nyeusi, ambako maji hufika nyuzi 35 na zaidi. Sehemu nzuri ni inayopata jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana. Kama huna, tengeneza uchanja upandishe pasheni, au funga neti ya kivuli inayopunguza nusu ya mwanga. Chini ya mwembe si pazuri. Majani yake yanadondoka, yanaoza na kuyafanya maji meusi kama chai ya rangi.

Upepo watu wanausahau. Azola inaelea juu kabisa, na upepo wa mchana huisukuma yote upande mmoja. Pale inapobanana, ya chini hukosa mwanga na kuoza, huku nusu ya maji yakiwa matupu. Bwawa langu lilikuwa hivyo mpaka nilipoweka vizuizi, nitavieleza mbele.

Kuhusu maji: ya bomba yana klorini. Yaache kwenye pipa wazi saa 24 hadi 48 kabla ya kuyaingiza bwawani. Klorini huwaumiza samaki kabla ya mimea, kwa hiyo hili usiliruke. Ya kisima yaonje. Visima vingi vya pwani, Dar es Salaam na kwingineko, vina chumvi, na azola haiwezi chumvi. Itanywea kidogo kidogo huku ukihangaika kuongeza mbolea. Katika hali hiyo kinga maji ya mvua, ndiyo mazuri kuliko yote kwa kuanzia.

Kitalu kwanza, bwawa baadaye

Usianzie bwawani. Anza na kitalu pembeni, hata kama una nafasi ya mita 2 kwa 1 tu ukutani. Kitalu ndicho kinachokuhakikishia kwamba samaki wakimaliza yote leo, wiki ijayo una nyingine.

Hivi ndivyo ninavyotengeneza cha azola:

1. Panga matofali yaliyolala mpaka yafike urefu wa sentimita 20, umbo la mita 2 kwa 1. Sakafu iwe sawa. Ikiinama, azola yote itakimbilia upande mmoja. Tandika turubai au nailoni isiyovuja.
2. Mwaga udongo mkavu uliochekechwa, kilo 10 hadi 15, utandaze sawasawa. Udongo wa bustani unatosha. Usichukue ulionyunyiziwa dawa ya magugu.
3. Koroga kilo 2 za samadi ya ng'ombe iliyokaa siku kadhaa kwenye maji lita 10, chuja makapi, mimina.
4. Ongeza gramu 10 za TSP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi. Kisoda kimoja kilichosawazishwa ni kama gramu 5, kwa hiyo visoda 2. Isage na uiyeyushe kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kumwaga.
5. Jaza maji hadi kina cha sentimita 10. Acha siku 2 yatulie.
6. Tandaza azola safi, nusu kilo hadi kilo 1, kisha nyunyizia maji safi juu yake kwa mkono ili vilivyogeuka vikae sawa, mizizi chini.

Baada ya siku 10 hadi 15 kitalu kinakuwa kimejaa. Kuanzia hapo, kila siku 5 ongeza kilo 1 ya samadi iliyokorogwa na kisoda kimoja na robo cha TSP. Kila siku 10 toa robo ya maji, weka mapya. Mara moja kwa mwezi badilisha kilo 5 za udongo. Maji na udongo utakaoutoa mwaga kwenye mchicha au migomba, vitaonyesha tofauti kwa macho.

Kwanza nilitumia mbolea ya mawe ya fosfeti kwa kuwa ni ya bei nafuu. Kwenye maji yasiyo na uchachu haiyeyuki haraka, na azola yangu ilibaki nyekundu wiki nzima. TSP iliibadilisha ndani ya siku chache. Samadi ya kuku itumie kwa uangalifu mkubwa, maana ikiwa mbichi hutoa amonia nyingi na kuunguza mizizi.

Kitalu cha lemna ni rahisi zaidi. Beseni kubwa au pipa lililokatwa nusu, maji ya bwawani kina cha sentimita 20 hadi 30, konzi mbili za lemna, basi. Kila unapopunguza maji ya bwawa badala ya kuyamwaga mtaroni yaingize humo. Lemna itakula amonia, na baada ya siku kadhaa maji yaliyosafika unaweza kuyarudisha kwa samaki. Mimi hufanya hivyo kila Jumamosi kwa ndoo 10 au 12. Ni kazi ya nusu saa, na bili ya maji imepungua kuliko nilivyotarajia.

Zizi la mimea ndani ya bwawa

Ukiwa na akiba kitaluni, sasa unaweza kuingiza mimea bwawani. Kanuni ninayoishikilia ni hii: mimea isifunike zaidi ya theluthi moja ya uso wa maji, na kwa anayeanza robo inatosha. Bwawa langu lina mita za mraba 12. Robo yake ni 3, kwa hiyo nina mazizi matatu ya mita 1 kwa 1.

Zizi moja hutengenezwa kwa bomba la plastiki la inchi moja na nusu, vipande vinne vya mita moja, elbo nne, na gundi ya mabomba. Funga kila kiungo kisawasawa, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ndiyo inayolielesha. Kabla ya kushona wavu, lizamishe kwenye beseni au bwawani ulichunguze; likitoa mapovu, linavuja. Mianzi mikavu nayo inafaa, ila baada ya miezi kadhaa hunyonya maji na kuzama polepole.

Chini ya fremu shona neti ya kivuli iwe kama mfuko, kina cha sentimita 20 hadi 30. Bila mfuko huo sato hupita chini na kunyonya mizizi mpaka mmea unaanguka vipande. Wavu wa matundu makubwa hauwazuii, wanaingiza midomo. Baada ya wiki mbili mfuko utakuwa umeota utelezi wa kijani, utoe uusugue kwa brashi bila sabuni, maji yaweze kupita. Fremu hiyohiyo inaikinga azola na upepo, na hapo tatizo la kusukumwa pembeni linakwisha lenyewe.

Fungia kila zizi kwa kamba ndefu kwenye kigingi cha ukingoni. Acha kamba ilegee kidogo ili zizi lipande na kushuka na maji. Sehemu ya kulishia samaki iache wazi kabisa, mbali na mazizi, uweze kuona wanavyokula. Lemna ndiyo iwe kwenye mazizi mawili ya karibu na pale samaki wanapokusanyika, kwani hapo ndipo uchafu ulipo mwingi.

Anayefuga kambale pekee anaweza kuweka mimea bila zizi, kwani kambale hawaili sana. Lakini wanaruka, wanachafua, na ndani ya mwezi mimea itakuwa imerundikana pembeni. Zizi bado lina faida.

Kuvuna ndiko kunakoikuza

Hili lilinichukua muda kulikubali. Azola iliyosongamana haikui. Vijani vinapandana, vya chini vinanyimwa mwanga na kuoza, kisha uozo wao unachafua maji na kula hewa ya samaki. Ukiona hakuna tena maji yanayoonekana kati ya majani, vuna theluthi siku hiyohiyo. Kitalu kilichokomaa cha mita za mraba 2 kinatoa karibu nusu kilo kwa siku, kila siku, ilimradi ukilishe. Lemna vuna kila baada ya siku moja, kwa chekeche, ukiacha ya kutosha kufunika nusu ya nafasi yake.

Suuza mavuno kwenye ndoo ya maji safi kabla ya kuwapa samaki. Harufu ya samadi ikibaki, sato watasogea na kurudi nyuma. Wape asubuhi, saa 3 au saa 4, jua likishapasha maji. Siku mbili tatu za mwanzo watakiangalia hicho chakula kama wageni. Wapunguzie kidogo chakula chao cha kawaida, watazoea. Vifaranga wadogo wape lemna, inaingia midomoni mwao. Azola iwe ya sato waliofikia ukubwa wa kiganja.

Sasa hesabu, kwa sababu nimesikia ahadi nyingi kwamba azola inaondoa kabisa gharama ya chakula. Azola mbichi karibu yote ni maji, asilimia 93 hadi 95. Nusu kilo niliyovuna leo ikikaushwa ni kama gramu 30 hivi, na protini ndani yake ni kama robo ya hizo, gramu 7 au 8. Sato wangu 60 wakifika gramu 100 kila mmoja ni kilo 6 za samaki. Kwa kiwango cha asilimia 3 ya uzito wao wanahitaji chakula kikavu gramu 180 kwa siku. Kwa hiyo kitalu changu kinawapa sehemu moja ya sita. Kwa mfugaji wa uani hiyo ni nafuu ya kweli, inaonekana mfukoni kila mwisho wa mwezi, lakini ukiwaachisha pumba, dagaa na chakula cha kununua kabisa, watakonda na watadumaa. Ukitaka kupanua, ongeza vitalu, usijaze bwawa.

Ikizidi, ianike kivulini juu ya neti, igeuzwe mara mbili kwa siku. Iliyokauka vizuri inavunjika ukiifikicha. Isage, changanya na pumba na dagaa wa kusaga. Mimi sivuki sehemu moja ya azola kwa nne za mchanganyiko mwingine.

Chunga hewa ya alfajiri

Mchana mimea yote hutoa hewa safi. Usiku haitoi, nayo inavuta, sawa na samaki. Mimea inayoelea ina jambo la ziada: inaziba mwanga usiifikie mimea midogo sana inayoyapa maji rangi ya kijani, ambayo ndiyo mtoaji mkubwa wa hewa ndani ya bwawa, na zulia lake linazuia upepo kuyagusa maji. Hewa hufika chini kabisa alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ndiyo saa ya kukagua bwawa, hasa baada ya siku ya mawingu.

Sato wakiwa juu, midomo wazi, wanameza hewa na hawakimbii kivuli chako, usingoje. Toa nusu ya mimea mara moja. Chota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, au fungulia pampu ndogo irushe maji kama mvua. Ongeza maji mapya yaliyotulia kama unayo. Siku hiyo usilishe. Kambale usimtumie kama kipimo, kwani ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Anaweza kuwa mzima bwawa likiwa limeshaua sato wote.

Kipimo kingine ni mkono wako. Zamisha mkono wima, kiganja kikitazama juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, yaani kama sentimita 30, bwawa liko vizuri. Kikipotea mapema sana, maji yamezidi ukijani au yana tope. Kikionekana mpaka begani, mimea imekula lishe yote, na hapo punguza mazizi badala ya kuongeza samadi.

Mimea inaposema ina shida

Azola ikigeuka nyekundu, jiulize mambo matatu kwa mpangilio huu: jua limezidi? baridi imeingia? fosforasi imeisha? Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Morogoro ukipoa, yangu huwa na wekundu kidogo na hukua taratibu, sina wasiwasi nayo. Walio Njombe, Mbeya au Limuru wategemee hali hiyo muda mrefu zaidi. Lakini wekundu wakati wa joto, chini ya kivuli, pamoja na mizizi mirefu iliyojikunja, ni njaa ya fosforasi. Weka TSP, subiri siku 4.

Lemna yenye njaa huirefusha mizizi yake na vijani hupauka. Ipe maji ya bwawani. Pistia ikiwa ya njano kuanzia majani ya nje, nayo imekosa naitrojeni. Ikiwa na madoa meupe yaliyokauka, imeungua na jua.

Viwavi hushona majani ya azola pamoja kwa utando, vidukari hujazana kwenye pistia. Tafadhali usipige dawa. Dawa nyingi za wadudu za bustanini, hata matone machache, zinaua samaki, na maji ya mwarobaini yakizidi nayo huwadhuru. Izamishe mimea chini ya wavu kwa saa chache, wadudu wataelea, samaki watawala. Azola iliyoshambuliwa sana mimi huitoa yote, naiweka kwenye mboji, naanza na mbegu ya akiba.

Konokono na mbu

Azola au pistia iliyotoka kwenye mfereji wa mpunga, mto au ukingo wa ziwa inaweza kubeba konokono wanaoeneza kichocho. Usiiingize moja kwa moja mahali watoto wanapochezea maji. Iweke kwenye beseni la pembeni wiki mbili, badilisha maji kila siku 2 au 3 na uyamwage kwenye udongo mkavu, ukigeuza mizizi kutafuta konokono na mayai yao, yanayoonekana kama utelezi angavu wenye nukta ndani. Ukiyaona, tupa mmea huo juani. Mbegu bora ni ya kutoka kitalu cha mfugaji mwenzako unayeweza kwenda kukiona.

Bwawani sato wanasaidia kula viluwiluwi wa mbu. Kitaluni hakuna samaki, hivyo kifunike kwa chandarua kuukuu mpaka azola itande. Pistia inataka jicho zaidi: wapo mbu, jamii ya Mansonia, ambao viluwiluwi wao hutoboa mizizi yake na kuvuta hewa humohumo bila kuja juu, kwa hiyo samaki hawawaoni kirahisi. Ndiyo sababu sizidishi mashina 6, na kila wiki nayanyanyua na kuyasuuza.

Masika na kiangazi

Mvua za Machi hadi Mei zinaweza kujaza bwawa kwa usiku mmoja na kuibeba mimea yote nje. Acha ukingo wa sentimita 15 au 20 juu ya maji, na mdomo wa bomba la kutolea maji ufunge wavu wa dirisha. Kitalu kipunguze maji kabla ya mvua kubwa. Kiangazi fanya kinyume: ongeza maji kidogo kila siku mbili, kwani yanayokauka huacha chumvi nyuma.

Mimea ya ziada usiitupe mtaroni. Mitaro ya mji wetu inaishia Mto Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Kila kinachozidi kwangu kinaenda kwa kuku, bata au kwenye shimo la mboji, na pistia naianika mpaka ikauke kabisa kwanza.

Beseni la mbegu

Mwisho, weka beseni moja la mbegu mbali na kila kitu kingine. Langu liko nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha mpapai: azola upande mmoja, lemna upande mwingine, katikati ubao. Halipati samadi nyingi, halivunwi ila kupunguzwa, na halipati maji ya bwawa. Mara mbili limenirudisha kazini, mara ya kwanza baada ya viwavi, mara ya pili baada ya kunguru kuchana turubai la kitalu na maji yote kukauka nikiwa safarini. Jirani akija kuomba mbegu, namchotea humo.